Zamani Wazungu Nao Walikuwa na Saa za Kiswahili

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya walimu na wanafunzi wa historia, Tanga. Nimeiweka hapa nzima kwa ajili ya ambao hawakufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi mliokuja, na nyinyi vijana mliojaza viti vya nyuma kama ilivyo desturi yenu: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, hamjambo.

Kadi ya mwaliko ilisema saa tatu kamili asubuhi. Nilifika saa tatu kasoro dakika tano, nikakuta viti, kipaza sauti, na paka mmoja amelala juu ya meza kuu. Tumeanza saa nne na nusu. Simlaumu mtu, na mwenyekiti asinitazame hivyo. Nalitaja kwa sababu kijana mmoja pale mlangoni aliniona nimenuna, akanifariji: "Usijali mwalimu, hizi ni saa za Kiswahili, siyo za Kizungu." Tukacheka wote wawili. Kisha nikaketi, nikafuta ukurasa wa kwanza wa hotuba yangu.

Nilikuja kuzungumzia Ulaya ya Zama za Kati, ile miaka elfu moja hivi tangu Dola ya Roma ya magharibi ilipoanguka hadi karne ya 15. Nilitaka kuanza na wafalme. Sasa wafalme wakae kando. Nataka niwaulize: hizo saa za Kizungu ni za lini? Ni nani aliyewapa Wazungu? Walizaliwa nazo mkononi?

Nawaambieni: kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo elfu moja, Mzungu alihesabu saa kama unavyohesabu wewe. Jua likichomoza, siku imeanza. Likifika utosini, ni saa sita. Likizama, saa kumi na mbili zimekwisha, unaanza kuhesabu za usiku. Walirithi hesabu hiyo kutoka Roma, na kanisa likazifunga sala zake humo. Sala ya mapema, jua linapochomoza, iliitwa prima, yaani ya kwanza. Ya katikati ya asubuhi, tersia: ya tatu. Ya adhuhuri, seksta: ya sita. Ya alasiri, nona: ya tisa. Tersia ni saa tatu. Saa tatu gani? Hii hii mliyoandika kwenye kadi!

Mnaosoma Biblia mnalijua jambo hili bila kujua kwamba mnalijua. Katika Injili ya Mathayo kuna mwenye shamba la mizabibu aliyetoka kutafuta vibarua saa tatu, saa sita, saa tisa, akatoka tena saa kumi na moja. Mwingereza wa leo akifika hapo anahitaji kuelezwa, maana saa kumi na moja kwake ni karibu na adhuhuri. Bibi yangu hakuhitaji kuelezwa. Saa kumi na moja ni jioni, jua linaondoka, kibarua aliyeajiriwa muda huo amebahatika. Bibi alikuwa msomaji mzuri wa karne ya 12 kuliko mwenye duka wa London.

Sasa twendeni Italia, kwenye mlima wa Monte Cassino, yapata mwaka 530. Kuna mtu anaitwa Benedikto, anaandika kanuni ya maisha ya watawa wake. Kanuni hiyo haikuishia mlimani. Ilienea Ulaya nzima, na hadi leo inasomwa kwetu hapa: Peramiho, Ndanda, Hanga, wale ni wana wa Benedikto. Katika sura ya nane anasema hivi: wakati wa baridi, tangu tarehe 1 Novemba hadi Pasaka, ndugu waamke saa nane ya usiku. Umesikia? Saa nane ya usiku. Msomaji wa Kiingereza anachukua kalamu aanze kukokotoa. Wewe umeshahurumia watawa.

Na Benedikto alikuwa mtu wa kuwajua watu. Aliagiza walale na nguo zao na mikanda kiunoni, ili wakiitwa wasipoteze muda kuvaa. Ila visu vyao wavivue, mtu asije akajikata usingizini. Taa iwake chumbani hadi asubuhi. Na wakiamka watiane moyo polepole, kwa sababu, anasema, wenye usingizi hawakosi visingizio. Jamani, mwanamume huyu aliishi karibu miaka 1,500 iliyopita, lakini kama si mwalimu wa zamu wa shule ya bweni, ni nani?

Subirini, utamu uko sura ya 43. Hapo anazungumzia wachelewaji. Anaagiza zaburi ya mwanzo wa sala ya usiku isomwe taratibu, ivutwe, makusudi, ili anayejikokota apate kuiwahi. Huyo ni mtakatifu, lakini anajua binadamu. Ukishindwa hata hapo, basi hukai mahali pako. Unasimama wa mwisho, au mahali palipotengwa, watu wote wakuone. Kwa nini usibaki nje tu? Anajibu: ukibaki nje utarudi kulala, au utakaa kupiga soga. Mwenyekiti, mwakani nashauri tuwe na zaburi ndefu.

Haya. Saa nane ya usiku, hakuna jua, hakuna simu, nani atajua kwamba imefika? Hapa pana kazi kweli kweli.

Anga likiwa safi, walitazama nyota. Askofu Gregory wa Tours, huko Ufaransa, karne hiyohiyo ya sita, aliandika kijitabu kizima cha kuonyesha nyota zipi zikichomoza mtawa agonge kengele. Kwa mvuvi wa hapa Tanga hiyo si habari mpya. Lakini Ulaya ya kaskazini ina mawingu, na mawingu hayajui sala.

Mfalme Alfred wa Wessex, aliyetawala Uingereza ya kusini tangu 871 hadi 899, alikuwa ameahidi kumpa Mungu nusu ya nguvu zake, mchana na usiku. Nusu ya muda utaipataje kama huwezi kuupima wote? Askofu Asser, aliyeishi naye, anasimulia alivyofanya. Akaagiza nta ipimwe kwa mizani, itengenezwe mishumaa sita iliyo sawasawa, kila mmoja wa inchi 12. Kila mshumaa uwake saa nne, na sita imalize siku nzima na usiku wake. Hesabu safi. Lakini upepo! Mahema yalivuja upepo, kuta zilivuja upepo, hata makanisa yalivuja upepo, mishumaa ikaisha kabla ya wakati. Mfalme akawaza. Akachukua pembe za ng'ombe, zikachongwa nyembamba hadi zikapitisha mwanga kama kioo, akaunda kijisanduku cha mbao na vioo hivyo vya pembe, mshumaa ndani. Upepo ukabaki nje. Nyote mliosomea taa ya chemli, mkae mkijua jamaa yake mmoja alishapigania nuru dhidi ya upepo miaka 1,100 iliyopita, ili mfalme asimdhulumu Mungu dakika zake.

Na kulikuwa na saa za maji: maji yanadondoka chomboni kwa kipimo, yakifika mahali fulani kengele inalia. Ushahidi mmoja mtamu unatoka abasia, yaani nyumba kubwa ya watawa, ya Bury St Edmunds, Uingereza, mwaka 1198. Usiku mshumaa ulianguka karibu na kaburi la mtakatifu wao, moto ukashika, na walinzi wamelala fofofo. Mtawa Jocelin, aliyekuwa akiandika habari za nyumba ile, anasema vijana walikimbilia maji, wengine kisimani, wengine kwenye saa! Hebu nawe fikiria nyumba inaungua, unapiga kelele, "Leteni saa tuzime moto!" Sentensi ndogo tu ya mtu aliyekuwa akisimulia moto, lakini wanahistoria wa saa wanaipenda kuliko vitabu vizima.

Sasa nataka mnisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo njia yetu na yao zilipoachana.

Mbona sisi bado tuna saa zetu na wao hawana zao? Ni kwa sababu ya jua. Jua letu ni mwaminifu. Hapa Tanga, mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote katika mwaka havipishani hata saa moja. Ukigawa mchana wetu mara 12, Januari au Julai, saa ni ileile. Lakini London? Mwezi Juni mchana unapita saa 16. Desemba haufiki nane. Na wao, kama sisi, waligawa mchana sehemu 12, uwe mrefu uwe mfupi. Kwa hiyo saa moja ya mchana ya Juni ilikuwa na dakika zipatazo 80, na saa moja ya Desemba dakika zipatazo 40. Saa ileile, jina lilelile, lakini ya kiangazi ni mara mbili ya ile ya baridi! Usiku nao kinyume chake: usiku wa Desemba saa zake ndefu, za Juni fupi.

Msiwacheke. Kwa mkulima hapakuwa na shida yoyote. Kazi ilikuwa ya jua, na jua likienda nyumbani naye anakwenda. Saa iliyonyooka na kujikunja ilimtosha. Saa hizi za Kiswahili, naweza kusema, zilikuwa kule ugenini, zikivumiliwa. Kwao hasa ni huku kwenye Ikweta.

Kisha akaja chuma. Na chuma hakijikunji.

Mwaka 1271 mwanazuoni aliyeitwa Robertus Anglicus aliandika kwamba mafundi wa saa wanajaribu kutengeneza gurudumu litakalozunguka mara moja kamili kwa siku, lakini hawajaweza. Miaka 12 baadaye, 1283, watawa wa Dunstable, Uingereza, wameweka saa kanisani mwao, na wengi wanaamini ilikuwa ya mashine. Mizigo inaning'inia, inavuta kamba, gurudumu la meno linataka kukimbia, na kipande cha chuma kinalizuia jino moja baada ya jingine: tik, tak. Siri yote ni hiyo. Si nguvu ya kuzungusha, ni ufundi wa kuzuia.

Nataka mmoja wa mafundi hao mumjue kwa jina: Richard wa Wallingford. Baba yake alikuwa mhunzi, akafariki mtoto angali mdogo. Mkuu wa nyumba ya watawa ya pale Wallingford akamchukua, akamlea, akampeleka Oxford. Kijana akazama katika hesabu na nyota. Mwaka 1327 akachaguliwa kuwa abate, yaani mkuu wa watawa, wa St Albans, moja ya abasia kubwa za Uingereza. Na alikuwa mgonjwa. Watu wa wakati wake waliuita ugonjwa ule ukoma, uso ukiharibika mwaka hadi mwaka. Upande mmoja wa kanisa lake ulikuwa umeporomoka miaka michache kabla hajashika uongozi. Abate mpya anafanya nini? Anaunda saa. Saa ya kuonyesha si wakati tu, bali mwendo wa jua na mwezi na kupatwa kwake.

Mfalme Edward III akapita pale, akatazama kanisa lililobomoka, akatazama magurudumu. Kwa upole akamuuliza abate kwa nini anaacha nyumba ya Mungu hivi na kumwaga fedha kwenye saa. Abate akajibu, kwa heshima zote, kwamba baada yake watakuja maabate watakaopata mafundi wa kujenga ukuta, lakini yeye akifa hakuna atakayeweza kumaliza kazi ile ya saa. Nimefundisha miaka mingi, na kila nikifika hapa darasa hugawanyika. Wako wanaosema, abate mwenye kiburi, watu wananyeshewa. Wako wanaosema, mtoto wa mhunzi aliijua thamani ya chuma. Mimi niko na mtoto wa mhunzi, ingawa sijawahi kusali kwenye kanisa lisilo na ukuta. Alifariki 1336. Saa yenyewe haipo leo. Maandishi yake ya namna ya kuitengeneza yapo.

Mwaka huohuo wa 1336, huko Milan, mnara wa kanisa la San Gottardo ulianza kugonga saa kwa hesabu: mara moja kwa saa ya kwanza, mbili kwa ya pili, hadi mara 24. Na miji mingi ya Italia ikashika desturi ya kuanza kuhesabu jua linapozama. Kina bibi wa pwani hamshangai, najua. Kwetu pia Alhamisi jioni, magharibi ikishaingia, ni usiku wa Ijumaa.

Basi saa ya mashine ilikuwa ya watawa, ya wasomi, ya wafalme. Ikawaje ya kila mtu? Nani aliishusha mnarani ikamkamata mfumaji shingoni? Aliyeishusha ni biashara ya sufu.

Kaskazini mwa Ufaransa na Flanders palikuwa na miji ya nguo: wafumaji, watia rangi, wakandaji wa vitambaa, maelfu ya vibarua wa kulipwa kwa siku. Na siku ni nini? Anayelipa anataka siku ianze mapema iishe jioni. Anayelipwa anataka kinyume. Mwaka 1335 meya wa Amiens alimwomba mfalme Philip VI ruhusa ya kuweka kengele mpya, yenye sauti tofauti na za kanisa, ya kuwaambia vibarua waende kazini lini, wakale lini, warudi lini, na jioni waache lini. Kengele nne kwa siku. Wanafunzi wa bweni naona mnatikisa vichwa. Mwaka 1355 mji wa Aire ukapewa ruhusa ya kujenga mnara kwa kazi hiyohiyo. Aliyechelewa, faini. Na kulikuwa na miji ambako aliyethubutu kuigonga kengele hiyo kuwaita watu waasi, adhabu yake ilifika hadi kifo. Kwa kengele! Mnaona ilivyokuwa na nguvu? Atakayeishika kamba ndiye mwenye mji.

Wafanyakazi walikaa kimya? Thubutu. Waligoma, walibishana, walikwenda mahakamani. Mwaka 1367, katika mji wa Thérouanne, wakuu wa kanisa waliwaahidi wafanyakazi na wakandaji wa nguo kwamba kengele ya kazi itanyamaza milele, ili pasizuke ugomvi mjini. Mji wenyewe wa Thérouanne nao ulinyamaza: mwaka 1553 Kaisari Karl V aliuteka, akaubomoa, ukabaki uwanda.

Kwa hiyo mtu akikwambia Mzungu anapenda saa kwa asili yake, mwambie hivi: babu yake mfumaji aliichukia. Aliletewa faini ndipo akaijua.

Hapa nichomeke neno moja. Kulikuwa na kengele nyingine, ya usiku. Nyumba zilikuwa za mbao na nyasi, na moto ulikuwa katikati ya chumba. Kengele ikilia, kila mtu anafunika makaa yake, wengine kwa kifuniko cha udongo kama chungu kilichopinduliwa, asubuhi anapuliza moto unarudi. Kwa Kifaransa iliitwa couvre-feu: funika moto. Waingereza wakaitamka kwa midomo yao, wakatuletea. Mwaka 2020 ndugu zetu wa Kenya walifungiwa ndani kwa neno hilohilo. Kafyu! Mtu anapigwa rungu barabarani na polisi kwa sababu ya makaa ya jikoni ya Mfaransa wa karne ya 13.

Na wanazuoni wa dini? Hao walikuwa na vita yao. Thomas wa Chobham, padri wa Uingereza, mnamo 1215 hivi, aliandika kwamba mla riba hauzi kitu chake. Anauza wakati, na wakati ni wa Mungu. Tena anataka faida hata akiwa amelala. Waislamu hapa hamhitaji tafsiri. Lakini Thomas alikuwa akisema hayo wakati mfanyabiashara wa Genoa ameshaanza kuandika kwenye hati zake tarehe, muda, na ongezeko alilolipa jina jingine. Hilo ni somo la siku nzima, na leo nalipita.

Nimeletewa kikaratasi kutoka viti vya nyuma: "Mwalimu, dakika zilikuja lini?" Swali zuri. Saa za mwanzo hazikuwa na mshale wa dakika. Nyingi hazikuwa hata na uso. Kanisa kuu la Salisbury lina saa ya zamani ya chuma, inayohesabiwa kuwa ya mwaka 1386, na haina uso hata mmoja: kazi yake ni kugonga tu. Hutazami saa, unaisikia. Kwa miaka mingi saa ya Ulaya ilikuwa ya masikio.

Nimalize na nona. Nona ni ile sala ya saa tisa, mnakumbuka? Siku za mfungo, watawa hawakuruhusiwa kula mpaka nona isaliwe. Fikirieni basi: mtu ameamka saa nane ya usiku, na chakula saa tisa alasiri. Nona ikaanza kutembea. Haikutembea kwa amri ya mtu. Karne baada ya karne ilivutwa mbele kidogo, tena kidogo, hadi karne ya 14 ikawa inasaliwa karibu na adhuhuri. Ndiyo maana Mwingereza leo akitaka kusema saa sita mchana, anasema "noon", na neno hilo maana yake ni saa tisa. Yuko nyuma yetu kwa masaa matatu na hajui! Wasomi wametoa sababu kadhaa za safari hiyo ya nona. Mimi naamini ile ya njaa.

Nami naona mlango wa jikoni umefunguliwa, na harufu ya pilau imeshafika mbele hapa kabla ya kwenu. Kwa saa yangu ni saba kasoro robo. Asanteni sana kwa kunisikiliza.